Siku Nne za Melini

Nachingwea,
3 Septemba 2024

Mama,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii imekufikia mkononi, maana nimempa Deus wa Hiace na kumwapisha asiiache dukani kwa mtu. Mimi mzima, cherehani inazunguka, na joto la Nachingwea ni lile lile. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako yalivyo tangu ile kwinini, na jambo lenyewe si la kupigiwa kelele mpaka majirani wasikie.

Wakala wa meli ameniandikia kutoka Dar es Salaam. Unakumbuka mwezi wa tatu walipoleta begi la Rashidy na ile karatasi inayosema kwamba tarehe 20 Februari mwanao hakuonekana tena baada ya chakula cha mchana, meli ikiwa kati ya Madagaska na Morisi. Walisema wataifanyia familia jambo. Jambo lenyewe ni hili: wanatupandisha meli sisi wawili, mama na mke, bure, chumba kimoja, chakula juu yao. Urefu wa safari tunachagua wenyewe.

Kuna ya siku nne, kwa meli ndogo: Dar, Unguja, Mombasa, kisha kurudi Dar. Kuna ya siku nane mpaka Komoro, na hiyo ni meli kubwa, ile alimokuwa akitandika vitanda Rashidy. Halafu kuna ya siku kumi na tano, meli kubwa hiyohiyo, inakwenda Madagaska na Morisi na kupita pale mahali. Wakifika pale watazima injini kidogo tupate kusoma dua. Zote zinaondoka Desemba, na jibu wanalitaka kabla Oktoba haijaisha.

Mama, mimi naona tuchukue siku nne. Hujawahi kupanda hata mtumbwi. Wametuma na kijitabu, kinasema mgeni wa meli aanze na safari fupi aone kama tumbo lake linakubali. Na kuna presha yako. Lakini wewe ndiye mkubwa. Sitawajibu kitu mpaka nipate neno lako.

Mkweo,
Munira


Mbekenyera,
9 Septemba 2024

Munira,

Salamu nitaziweka mwisho, kwa sababu nikianza nazo hasira itapoa, nami sitaki ipoe.

Siku nne! Siku nne mimi nazimaliza Ruangwa mjini nikifuatilia salfa ya mikorosho, na narudi bila salfa. Hicho kijitabu chako kimeandikiwa watu wanaokwenda kustarehe. Mimi naenda kumtafuta mwanangu.

Na usinisomee tena hiyo karatasi. "Hakuonekana" siyo "amekufa". Mbuzi wangu yule mwenye doa hakuonekana wiki mbili, nikalia, nikasema fisi kamla, kumbe yuko kwenye zizi la hawa jirani zangu Wasukuma, ananenepa. Huko baharini kuna visiwa vingapi? Mtu anashuka bandarini kununua sigara, anaugua, anapoteza karatasi zake, anawekwa ndani na watu wasiojua Kiswahili. Nani wa kumsemea? Mimi nitashuka kila bandari na picha yake mkononi, ile ya harusi yenu. Ndiyo maana nataka kumi na tano. Ningepewa thelathini ningechukua thelathini. Sheikh amekuja mara mbili kusema tumsomee hitma, nimemwambia asubiri aje anisomee mimi.

Sasa nieleze ya maana. Choo cha melini kikoje? Wanapika ugali, au ni mkate asubuhi mpaka jioni? Nikibeba ming'oko ya kuchemsha, viazi vyetu hivi vya porini, watanizuia mlangoni? Rashidy akionekana atakuwa na njaa ya chakula cha kwao. Pia niambie watu wa huko wanavaa nini, nisije nikawa kichekesho na khanga zangu.

Haya, salamu. Hujambo mwanangu? Mimi sijambo, magoti tu. Usinikasirikie.

Mama yako,
Mwamina


Nachingwea,
15 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sikukasirika. Nilicheka kidogo kwa habari ya mbuzi, halafu nikaacha.

Nimekwenda kwa Amri, yule aliyefanya kazi na Rashidy melini miaka miwili na sasa anauza vifaa vya simu hapa sokoni. Nimemuuliza kila kitu kwa niaba yako. Choo kiko ndani ya chumba, kidogo, kinanyonya kwa kishindo, usishtuke. Ugali hakuna, wali upo. Ming'oko hawaruhusu. Khanga vaa, hakuna wa kukuangalia, wengine huko wanatembea nusu uchi.

Lakini amesema na mengine, nayo uyasikie. Chumba cha bure hakina dirisha, kiko chini tumboni mwa meli. Siku mbili za kwanza mgeni analala tu na ndoo pembeni, ya tatu ndipo tumbo linatulia. Na ameona watu waliochukua safari ndefu mara ya kwanza: siku ya sita wanalia wanataka kushuka, na hakuna pa kushukia. Wewe hata kulala kwa Mama Zuleha hapa Nachingwea siku tatu unaota shamba lako.

Na bandarini, Mama, wanawapa watu saa sita tu. Mji mzima, saa sita, magoti yako hayo. Utamuuliza nani, na kwa lugha gani?

Kwa siku nne tutaiona bahari, tutasoma dua hukohuko Mombasa, maji ni yale yale. Kisha turudi nyumbani wote wawili tukiwa wazima. Nakuomba sana, sana. Nitakushonea dera jipya la safari, kitambaa nimeshakiona.

Mkweo,
Munira


Mbekenyera,
29 Septemba 2024

Munira mwanangu,

Yaani wewe na Amri mmenishindia kesi yangu bila kujua. Kama tumbo linatulia siku ya tatu, ina maana kwa safari yako ya siku nne nitatapika siku mbili, siku ya tatu nitaoga, ya nne nitaambiwa shuka. Hiyo si safari, hiyo ni ugonjwa.

Na tumbo nimeshaanza kulizoeza. Jirani yangu Bertila, mama wa hawa wafugaji, wana mkokoteni wa ng'ombe. Jumanne ulikuwa unapeleka magunia Namungo, nikapanda juu ya magunia kwenda na kurudi. Barabara unaijua. Watu walikuwa wanatoka kutazama mpira, wakanipigia makofi. Sikutapika. Bertila alicheka mpaka akakaa chini, lakini yeye kakulia Ukerewe, amevuka ziwa tangu yuko mgongoni, na amenipa ushauri kuliko kijitabu chako: nisikae chumbani, nikae juu penye upepo, nitazame mbali, nitafune tangawizi. Anasema hata yeye mgeni angemwambia aanze na safari fupi. Nikamuuliza, na kama mtoto wako ndiye yuko mwisho wa ile ndefu? Akachukua beseni lake akaenda.

Sikiliza sasa habari nzuri. Yule Teddy wa Bukoba, aliyekuwa analala chumba kimoja na Rashidy, nambari yake ninayo. Rashidy aliiandika nyuma ya kalenda yangu akasema mama, simu yangu ikifa mtafute huyu. Bado yuko kwenye meli ileile kubwa. Bertila ana simu ya kuandikiana, leo tumemtumia salamu. Akijibu nitamuuliza mambo yote: siku ile alikula nini, alikuwa anaumwa, alishuka wapi mara ya mwisho. Kumbe dawa ilikuwa nyuma ya kalenda wakati wote huu.

Nishonee hilo dera. Rangi ya kijani.

Mama yako,
Mwamina


Nachingwea,
2 Oktoba 2024

Mama,

Barua yako imefika leo mchana na najibu papo hapo, Deus anasubiri na injini inaunguruma.

Usiongee na Teddy. Nakusihi. Huyo si mtu wa kuaminika, Rashidy mwenyewe alikuwa analalamika. Watu wa melini wanapenda kutunga. Atakuambia maneno ambayo hayatakusaidia, utapandisha presha, na mimi niko mbali. Kama ameshajibu, mwambie Bertila asikusomee. Nitakuja mwenyewe Ijumaa ijayo tukae tuzungumze.

Kama kumi na tano ndiyo amani ya moyo wako, tutazungumza na hilo. Lakini Teddy, hapana.

Munira


Mbekenyera,
11 Oktoba 2024

Munira,

Ijumaa imefika na hukuja. Umefanya vizuri.

Teddy amejibu. Hakutunga kitu. Kijana ana adabu kuliko wewe na mimi. Alisema simu ya Rashidy anayo yeye, hakuitia kwenye begi kwa makusudi, kwa sababu alisoma kilichokuwemo akaona si cha kusomwa na mama. Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa, asome. Akakataa siku tatu. Ya nne akamtumia Bertila ujumbe wenyewe, na Bertila akaunakili kwenye daftari kwa sababu akinisomea singemsikia. Alikuwa anaandika huku machozi yanadondoka kwenye karatasi, mtu ambaye hata kumwona Rashidy hajawahi.

Naandika hapa ulivyoandika wewe, tarehe 20 Februari, saa tano asubuhi:

"Miezi yote nakuomba talaka yangu na unanichezea. Umri wangu unaishia kwenye cherehani nikisubiri mwanaume wa kwenye picha. Kama hutaki kuniacha, Mungu na aniache mjane. Heri niwe mjane kuliko kuwa mke wako."

Teddy anasema aliisoma mezani wakati wa chakula. Akaiweka simu chini, akampa Teddy funguo ya chumba, akasema nakwenda kupata hewa. Wakati wa kuhesabiwa hakuwepo. Hakuna bandari iliyokuwa karibu. Hakuna kisiwa.

Miezi minane umekaa na mimi. Umekula sahani moja na mimi mwezi wa Ramadhani. Umenichagulia siku nne ili nisifike walipo wanaojua. Na mimi nikapanda mkokoteni mbele za watu kwa ajili ya safari hiyo, mzee mzima, nikipigiwa makofi.

Wewe binti wa watu, nikuite nani sasa?

Mwamina


Nachingwea,
14 Oktoba 2024

Mama,

Sina jina la kukupa la kuniita.

Ni kweli, niliandika. Sitasema nilikuwa naumwa au nilikuwa na hasira ya siku moja. Hasira ilikuwa ya miaka saba. Katika miaka saba Rashidy alikaa nyumbani miezi kumi na mmoja, nimeihesabu kwenye kalenda. Watoto hatukujaliwa, na tungejaliwa lini? Mwaka jana mwezi wa kumi nilimwandikia kwa utaratibu, nikamwambia sina ugomvi, naomba aniachie kwa wema. Akajibu mstari mmoja: "Subiri, jambo lako linakuja kwa njia ya wazazi." Nikasubiri. Novemba, Desemba. Januari nilikuuliza Amri, aliporudi nyumbani, alileta nini kutoka kwa Rashidy, ukasema sabuni. Basi nikajua ananipiga chenga. Kila nilipomwuliza tena hakujibu. Mpaka siku ile.

Nilibonyeza kutuma nikaendelea kukata kitambaa cha sare za shule. Jioni nikajuta, nikaandika "nisamehe", na huo ujumbe haukufika. Mpaka leo unaonyesha alama moja.

Sikutaka ufike pale mahali, kweli. Lakini zaidi sikutaka mimi nifike. Ningesomaje dua juu ya maji yale, na mimi ndiye niliyeomba ujane? Mungu amenipa nilichoomba, ila amenipa nusu. Miezi minane sijakaa eda kwa sababu wewe unasema yuko hai. Si mke, si mjane. Asubuhi nikifungua kabati sijui nivae nini.

Nichukie. Una haki. Ila usiniambie sikukupenda, kwa sababu kwa miaka saba aliyekuwa anakuja kunijulia hali alikuwa wewe.

Munira


Mbekenyera,
27 Oktoba 2024

Munira,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Korosho zimedondoka, sijaziokota, ng'ombe wa Bertila wamepita juu yake na sikuwafukuza.

Lipo jambo langu. Nisipoliandika leo sitaliandika tena.

Mwaka jana, Desemba, Amri alipoleta kifurushi cha Rashidy, hakikuwa sabuni tu. Kulikuwa na bahasha, na ndani yake barua mbili, yangu na yako. Yako ni talaka. Moja, imeandikwa vizuri, na mashahidi wawili wa hukohuko melini. Kwenye yangu alisema: "Mama, mkabidhi Munira kwa mkono wako, kwa heshima, mbele ya mtu mzima. Mwambie sina kinyongo. Kisha uniambie kama imemfikia." Kwetu mwanamke haachwi kwa simu. Nilimfundisha mimi mwenyewe hivyo, na alinisikiliza. Hakukupiga chenga.

Niliificha. Nilijiambia kwamba talaka isipomfikia mke bado haijamwacha, ikikaa kwangu itakufa yenyewe. Nilifikiri atarudi likizo, mtaonana, mtacheka. Na nilijua ukiondoka wewe, hatakuwa na cha kumrudisha huku kusini isipokuwa bibi kizee asiyesikia. Kwa hiyo ulipouliza nikasema sabuni. Na yeye alipouliza, nilimwambia Bertila amwandikie: "Imemfikia. Kaipokea vizuri." Bertila hakujua ni kitu gani kilichofika.

Sasa panga mwenyewe. Mwanangu aliamini amekuachia kwa wema tangu Desemba, nawe umepokea vizuri, huna unalomdai. Ndiyo maana hakujibu ulipoendelea kuuliza, nadhani aliona unamkejeli. Halafu siku hiyo anasoma kwamba unamwombea kifo kwa Mungu. Alielewa nini? Kwamba hata kuachwa hakukutosha.

Yale maneno uliyaandika kwa sababu yangu. Nimejaribu kuyaandika upya kichwani yawe ya kwako peke yako, yanakataa.

Bado nakuchukia, nikuambie kweli. Nakuchukia kwa kuwa ulibonyeza. Na sina mtu mwingine duniani wa kumwambia haya.

Talaka yako nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ni mali yako.

Visiwa sivitafuti tena, picha nimeirudisha ukutani. Lakini waandikie wale watu, zimebaki siku nne kabla mwezi haujaisha. Waambie kumi na tano. Wewe na mimi, chumba hichohicho kisicho na dirisha. Usiniulize kwa nini, nitakuambia tukifika.

Mwamina


Nachingwea,
30 Oktoba 2024

Mama,

Nimeisoma talaka. Mwandiko wake ule ule wa kulala upande. Nilikaa nayo chini ya meza ya kukatia vitambaa kama mtoto, mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama naumwa.

Sijui nikuchukie vipi. Nikianza, nafika kwenye ujumbe wangu nakwama.

Na kuhusu safari, Mama, kuna jambo la mwisho nililokuficha, na baada ya hili sina lingine. Siku nne nilizisaini tarehe 2 Septemba. Siku moja kabla ya barua yangu ya kwanza. Nilikuomba neno lako wakati karatasi imeshaondoka. Nilijisemea kwamba nitakubembeleza utakubali, na usipokubali nitasema wao ndio waliotupangia.

Leo nimempigia wakala mara tatu. Nimelia kwenye simu, nimemwambia mama ni mgonjwa, nimemwambia kila kitu isipokuwa ukweli. Anasema safari ndefu imejaa tangu wiki iliyopita, na zawadi ya familia inachaguliwa mara moja tu. Ni siku nne, kwa meli ndogo. Inageuzia Mombasa.

Nina tiketi mbili za basi la Dar. Linaondoka stendi ya Nachingwea tarehe 4 Desemba, saa kumi na mbili asubuhi. Dera lako limekwisha, la kijani. Njoo, Mama. Siku nne si kitu, najua, lakini ndizo tulizonazo. Nitasimama karibu na mlango wa basi, huna haja ya kunitafuta.

Munira


Mbekenyera,
5 Desemba 2024

Munira,

Nilikuja.

Nilifika Nachingwea tarehe 3, nikalala kwa Mama Zuleha, na alfajiri akanisindikiza mpaka stendi. Nilikuwa upande wa pili, pale wanapouza chai. Nilikuona. Ulikuwa umesimama mlangoni mwa basi kama ulivyosema, umevaa nyeusi, na dera la kijani umelikunja juu ya mkono. Ulikuwa unatazama kila mwanamke mzee anayepita. Ukamsihi konda asubiri, nikaona unavyofungua mikono. Basi lilipopiga honi mara ya pili, ukashusha begi lako. Likaondoka. Ukabaki umesimama pale, nami nikabaki pale nilipo, chai imepoa mkononi. Kati yetu ilikuwa barabara tu. Mama Zuleha akanisukuma begani akasema nenda. Nikashindwa.

Nilisema nitakuambia kwa nini nilitaka kumi na tano.

Nilikuwa nimeshazipanga. Zile za mwanzo ningekuchukia, nisingekusemesha, na kwa kuwa hakuna pa kushukia ungevumilia. Halafu tungeanza kuombana maji, kuulizana kama umelala. Halafu tungepita pale mahali, injini zingezimwa, tungesoma kila mmoja kivyake. Na wakati wa kurudi, siku ya kumi na mbili au kumi na tatu, nadhani ningekushika mkono. Nilikuwa naifikiria hiyo siku ya kumi na tatu kila nilipokwenda shamba.

Nne hazifiki huko. Nne zote zingeisha nikiwa bado nakuchukia, tukashuka Dar, tukaagana mbele ya watu, na ingekuwa tumeshakwenda, hakuna safari nyingine ya kungojea. Mimi najijua, sina moyo wa haraka.

Kaa eda yako sasa. Sheikh amesema uanze siku ulipopata uhakika. Ukimaliza, olewa, uzae, wala usije kuniaga.

Na usiniandikie tena, Munira. Ukiniandikia nitajibu.

Mwamina